Mdomoni mwa Mtungi

Leo somo limeniangukia lile la mzee asiyeona,
anayepapasa mikono ya mwanawe na kukuta manyoya ya mwana-mbuzi.
Hunijia kila mwaka zabibu zikikaribia kuiva,
nami hulisoma nimesimama, chai ikipoa,
maana nikiketi nalo hunikalia.

Mimi ni Vazha wa Elizbar, kifungua mimba, hapa Kakheti.
Baba akikata roho nilikuwa Poland, naendesha lori la vitunguu.
Nugzar akamshikia kikombe, akapewa shamba:
mizabibu mia nne, ghala, na mitungi sita
iliyozikwa ardhini hadi shingoni.
Mimi nikapewa saa ya ukutani. Haitembei.

Miaka tisa sikumtamkia neno.
Kanisani yeye nguzo ya kushoto, mimi ya kulia,
tukabusu msalaba uleule kwa zamu,
kila mmoja akingoja mate ya mwenzake yakauke.
Majirani huniita mtu wa Mungu, eti sikosi somo la asubuhi.
Ni kweli sikosi.
Hata mbuzi wa padri hakosi ua wa kanisa.

Chai haijaisha, Tsiala mkewe akaja mbio, kitambaa mkononi:
"Kaingia kuosha mtungi mkubwa. Peke yake. Kijana yuko jeshini,
nami sikio langu moja limekufa. Njoo."

Asiyeijua mitungi yetu ajue hili:
hewa ya chini hulewesha, kisha huua.
Kwanza hushushwa mshumaa; ukizimika, hushuki.
Kisha mtu hukaa mdomoni, na kazi yake ni moja, kuzungumza.
Aliye ndani akiacha kujibu, unavuta kamba.

Nikapiga magoti. Gizani nikaona utosi wake,
umeanza upara, upara wa Baba, palepale.
"Nani huyo?"
"Mimi."
Brashi ya gome la mti wa cheri ikasimama.
Kisha ikaendelea kusugua.

Niseme nini? Bei ya mbolea? Ile saa?
Kinywa kilichofungwa miaka tisa kina kutu.
Nikasema nililokuwa nalo, somo la asubuhi:
ngozi ya mbuzi, kitoweo, kilio cha mkubwa
akiuliza kama imebaki baraka, hata ya kuokota.
Kila nikivuta pumzi, kutoka chini: "Nipo."
"Nipo."
Nikaruka kurasa, nikavuka mto,
mdogo anachechemea, anainama mara saba hadi mavumbini,
mkubwa anakuja na watu wake mia nne,
na hapo nikanyamaza.

Kinachofuata nakijua tangu utoto.
Mkubwa anakimbia. Mkubwa ndiye anayekimbia.
Miaka yote nimesoma habari ya kuibiwa;
miguu ya yule mtu sikuwahi kuitazama.

"Vazha."
Sauti ilipanda imelowa.
"Usinyamaze. Naogopa."

Mara ya mwisho aliniambia hivyo alikuwa na miaka sita,
radi imepasua mwaloni, tumelala blanketi moja.

"Akakimbia," nikasema. "Akamwangukia shingoni."
"Nani?"
"Mkubwa."
Chini pakawa kimya, kidogo tu,
nami kamba nimekwisha kuikamata kwa mikono miwili,
ninavuta kabla sijajua kwamba ninavuta.

Alitoka ananuka chokaa na divai ya mwaka jana,
akakohoa, akaniuliza kama nimekunywa chai.
Hatukukumbatiana. Tsiala alileta mkate, tukaula tumesimama.

Bwana, nilidhani kukufuata ni mwendo.
Kumbe asubuhi nyingine ni kupiga magoti penye shimo la ndugu yangu
nisinyamaze.
Kama nimesamehe, sijui. Shamba bado lake.
Saa bado haitembei.
Imebaki mitungi mitano, na kesho anashuka tena.
Ukurasa nimeutia alama
kwa kipande cha gome.